UZI MAALUMU: Progress, chombo cha mizigo cha Warusi. Kazi yake kubwa si chakula

Kulabu8 (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kila Progress ikirushwa, vichwa vya habari ni vilevile: Urusi yawapelekea wanaanga chakula. Chakula kinakwenda kweli, lakini Dragon na Cygnus za Marekani nazo zinabeba chakula cha kutosha. Progress ni ngumu kuiziba pengo kwa sababu mbili: inajaza mafuta kwenye matangi ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS), na inakisukuma kituo chote kipande juu kila kinapozama. Uzi huu ni wa hayo mawili pamoja na yanayoharibika njiani. Video za wanaanga wakirusha machungwa zina nyuzi zake.

Kwanza umbo. Progress imezaliwa na Soyuz, kile chombo kinachobeba watu. Soyuz ina sehemu tatu: chumba cha mbele, chumba cha kati ambacho watu hurudi nacho duniani, na sehemu ya nyuma yenye injini na vifaa. Warusi waliondoa chumba cha kati. Hakuna viti, hakuna parachuti, hakuna ngao ya joto. Pale wakaweka matangi. Chumba cha mbele ndicho cha mizigo mikavu, kina hewa, na wanaanga huingia humo. Sehemu ya matangi haina hewa wala mtu haingii, na hilo limefanywa kwa makusudi, nitamwachia mwenye fani aeleze.

Ya kwanza, Progress 1, iliruka 20 Januari 1978 kwenda Salyut 6, kituo cha anga cha Wasovieti, ambako Yuri Romanenko na Georgi Grechko walikuwa wakiishi. Toleo la leo ni Progress MS, lilianza 21 Desemba 2015. Urefu kama mita 7.2, kipenyo mita 2.7 mahali pake panene zaidi, uzito tani 7 na ushei wakati wa kuruka, na mzigo karibu tani 2.5.

Ili tusizungumze hewani, chukueni Progress MS-25 ya 1 Desemba 2023. Ilibeba kilo 2,528: mizigo mikavu 1,553, mafuta ya kujaza kituo 515, maji 420, naitrojeni 40. Ona mafuta na maji peke yake yanavyokaribia tani moja. Vitu hivyo huwezi kuviweka kwenye begi ukampa mwanaanga abebe mgongoni.

---

FundiValvu

Mleta uzi umenigusa panapowasha. Tuanze na hayo mafuta.

Ni vimiminika viwili: aina ya haidrazini ambayo Warusi huiita heptil, na naitrojeni tetroksidi inayofanya kazi ya kuipa heptil oksijeni ya kuunguzia. Vikigusana tu vinawaka, havihitaji cheche. Ndiyo maana injini zake zinaaminika: fungua valvu mbili, moto upo. Ndiyo maana pia vyote viwili ni sumu kali, na hakuna anayetaka tone lake ndani ya chumba anachopumulia. Kwa hiyo matangi yakakaa kwenye sehemu isiyo na hewa, na mirija yake inapita nje ya chumba cha mizigo mpaka kwenye pete ya kuungia. Ikivuja, inavujia angani.

Hatua zake, kwa namna zilivyofanyika tangu Salyut 6:

Kulabu zikishafunga, ncha za mirija kwenye pete ya Progress huwa zimekutana na za kituo. Wanajaza gesi kwenye mirija na kutazama presha. Ikishuka, hakuna kujaza.

Halafu inakuja sehemu ambayo wengi hawaijui. Tangi la kituo lina kizuizi ndani yake: upande mmoja mafuta, upande wa pili naitrojeni inayoyasukuma mafuta kwenda kwenye injini. Wakati wa kazi naitrojeni hiyo iko kwenye atimosfia kama 20. Huwezi kuingiza mafuta mapya pale, yatarudishwa. Kompresa ya kituo inainyonya ile naitrojeni na kuirudisha kwenye mitungi yake mpaka tangi libaki na atimosfia 3 hivi. Kwenye Salyut 6 kompresa hiyo ilikula kilowati 1, mzigo mzito kwa umeme wa kituo kile, kwa hiyo kazi ilipangwa kwa awamu.

Sasa Progress ina presha ya atimosfia 8 upande wake, kituo kina 3. Fungua valvu, mafuta yanahama yenyewe. Heptil siku yake, tetroksidi siku yake. Haviendi pamoja.

Mwisho, kabla ya kuachana, mirija inafunguliwa kwenye ombwe ili mabaki yatoke. Ukiruka hatua hii, kulabu zikiachia kuna matone ya sumu yanabaki kwenye pete, na meli inayofuata itakuja kuungana palepale.

Kazi yote inaamriwa kutoka chumba cha udhibiti cha Korolyov, karibu na Moscow. Wanaanga hawashiki mpira wa mafuta hata kidogo.

---

BahariHindi

Mkuu FundiValvu, swali la mtu wa majini: kwa nini wasiweke pampu tu wakamaliza?

---

FundiValvu

BahariHindi, pampu inataka kimiminika kimefika mdomoni pake. Huku chini uzito unakufanyia hiyo kazi, mafuta yanakaa chini na hewa juu. Kule juu gesi na mafuta vinachanganyika ovyo, pampu ingemeza mapovu. Ndiyo maana ya kile kizuizi ndani ya tangi. Na ukishakuwa na kizuizi na gesi nyuma yake, tayari una msukumo, pampu ya nini? Kitu kinachozunguka kina sili, na sili ndiyo huchoka kwanza. Kompresa yao inagusa naitrojeni safi tu, haigusi sumu.

Maji ni hadithi nyepesi zaidi. Matangi mawili, jumla kilo 420, wanaanga wanaunganisha mpira kwa mkono na kuyasukuma kwa hewa. Angalizo moja: maji ya Warusi yamehifadhiwa kwa fedha, ya Wamarekani kwa ayodini. Ukiyachanganya, fedha na ayodini vinashikana na kutua kama unga, na dawa zote mbili zinapotea. Kila upande na mirija yake.

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Asante fundi. Sasa kusukuma kituo.

ISS iko kilomita 400 na kitu juu, na hapo bado kuna hewa, nyembamba mno lakini ipo. Kituo kina uzito wa tani 420 hivi na mabawa ya jua mapana. Kinapoteza kwa kawaida kama kilomita 2 kwa mwezi, zaidi jua likichachamaa, kwa sababu jua likichachamaa hewa ya juu inavimba.

Hesabu ya haraka, kila mtu anaweza kuirudia. Kupanda kilomita 1 kutoka kimo kile kunataka nyongeza ya kasi ya mita 0.57 kwa sekunde. Kilomita 2 ni mita 1.14. Gesi ya injini ya aina hii inatoka kwa kasi ya mita 2,800 hivi kwa sekunde. Tani 420 mara 1.14 gawanya kwa 2,800: kilo 170. Hiyo ni kwa mwezi mmoja, bila kuhesabu kukwepa takataka za angani wala kugeuza kituo. Zidisheni kwa miezi 12 halafu mrudi kwenye zile kilo 515 za MS-25, mtaona kwa nini Progress haziwezi kukaa muda mrefu bila kuja.

Progress iliyofungwa nyuma ya Zvezda, moduli ya Kirusi iliyo mkiani mwa kituo, ndiyo yenye nafasi nzuri, kwa sababu msukumo wake unapita karibu na kitovu cha uzito wa kituo. Inayofungwa pembeni ikisukuma, inakigeuza kituo zaidi ya kukipandisha. Kwa kawaida wanatumia injini ndogo 8, kila moja nyutoni 130 hivi, jumla 1,040. Kwa tani 420 hiyo ni kama dakika 8 kupata ile mita 1.14. Wanaanga wanaona vitu vikielea polepole kuelekea ukuta wa nyuma, basi. Zvezda yenyewe ina injini mbili kubwa, lakini hizo zina ukomo wa sekunde za kuwaka na hakuna fundi wa kwenda kuzibadilisha. Bora uchoshe injini ya chombo ambacho kitaungua hata hivyo.

---

Nyuzi360

Kulabu8 kaandika: *"ngumu kuiziba pengo"*

Mkuu hapo punguza chumvi. Cygnus ilikisukuma kituo 25 Juni 2022, baada ya jaribio la tarehe 20 kukatishwa. Dragon nayo ikasukuma 8 Novemba 2024. Na Ulaya walikuwa na ATV, ilijaza mafuta na kusukuma pia.

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Nyuzi360 uko sawa kuhusu kusukuma, na nimesema ngumu, sikusema haiwezekani. Lakini ATV ya mwisho iliruka 2014. Cygnus na Dragon zinasukuma kwa mafuta yao zenyewe, hayahamii kwenye matangi ya moduli za Zarya na Zvezda. Zarya ina matangi 16 yanayobeba zaidi ya tani 5, Zvezda ina 4 ya kilo 860 hivi. Kwa ISS ya leo anayejaza hayo ni Progress peke yake. Ukitaka mwingine anayejaza mafuta angani, nenda kwa Wachina, Tianzhou inafanya hivyo kwa kituo chao cha Tiangong.

---

MwanaRoketi

Nichangie upande wa kuruka, kwa sababu ndiko Progress nyingi za karne hii zilikopotelea.

Roketi ni Soyuz-2.1a, kerosini na oksijeni ya kimiminika, kutoka kiwanja namba 31 Baikonur, Kazakhstan. Inasafirishwa kwa reli ikiwa imelala, inasimamishwa kiwanjani. Baada ya kuwasha:

sekunde 118, nyongeza nne za pembeni zinaachia;
sekunde 287, hatua ya pili (sehemu ya roketi yenye injini yake) inaachia, ya tatu inawaka;
sekunde 526 hivi injini ya tatu inazima, na sekunde 3 baadaye Progress inajitenga.

Inaachwa kwenye obiti ya chini, kama kilomita 193 kwa 240, mwinamo nyuzi 51.6 kutoka ikweta. Inafungua mabawa ya jua na antena, hapo ndipo unapumua.

Hatua ya tatu ndiyo yenye historia mbaya.

24 Agosti 2011, Progress M-12M: injini ya hatua ya tatu ilizima kwenye sekunde 325. Njia ya mafuta kwenda kwenye jenereta ya gesi ilikuwa imeziba, kosa la kiwandani. Mabaki yaliangukia Altai.

28 Aprili 2015, M-27M: ilifika angani lakini ikatoka kwenye roketi ikizunguka kama pia, na haikudhibitika tena. Uchunguzi ulisema mtikisiko wa hatua ya tatu na wa chombo havikuwa vimepimwa vizuri vikiwa pamoja. Kila kimoja peke yake kilikuwa salama.

1 Desemba 2016, MS-04: sekunde 382, hatua ya tatu tena. Pampu ya oksijeni ya injini ilipasuka, ama kwa uchafu ulioingia ama kwa kosa la kuunganisha. Ilianguka Tuva.

Kinachowafanya Warusi wakose usingizi si tani 2.4 za mzigo. Ni kwamba hatua za tatu za namna hiyohiyo ndizo zinazobeba watu. M-12M ilipoanguka, safari ya watu iliyofuata ilisogezwa mpaka Novemba, na kwanza wakarusha M-13M tarehe 30 Oktoba bila mtu ili kuthibitisha.

Na bahati mbaya haiji peke yake: Cygnus ililipuka 28 Oktoba 2014, M-27M ikapotea Aprili 2015, Dragon ikavunjika 28 Juni 2015. Tatu ndani ya miezi 8, za kampuni na nchi tofauti. Kituo hakikufa njaa kwa sababu stoo yake huwekwa akiba ya miezi kadhaa.

---

DadaAnga

MwanaRoketi, na zile safari za saa chache nilizosoma? Siku hizi mbona tena ni siku mbili?

---

MwanaRoketi

Dada, zote zipo. Njia ya kale ni siku mbili, mizunguko 34. Agosti 2012, M-16M ilifika kwa saa 6. Julai 2018, MS-09 ilifika kwa saa 3 na dakika 40, mizunguko miwili tu.

Ila njia fupi ina bei. Kituo lazima kiwe kimepita juu ya Baikonur kwa wakati kamili, kwa hiyo wiki kadhaa kabla wanakisogeza kwa kuchoma mafuta, na roketi ikichelewa siku moja hesabu imevurugika. Kwa watu waliobanana kwenye Soyuz inalipa. Mizigo haichoki kukaa. Siku mbili zinawapa Korolyov muda wa kurekebisha kitu kikigoma.

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Kuungana kwenyewe sasa.

Mfumo unaitwa Kurs, wa sasa ni Kurs-NA. Ni redio: chombo na kituo vinapigiana mawimbi, na Progress inapima umbali, kasi ya kukaribia na pembe. Ikifika mita mia chache inazunguka kujipanga mbele ya mlango wake, inasimama mita 150 hadi 200 hivi, Korolyov wanaangalia, halafu inaingia taratibu. Mguso ni wa sentimita 10 mpaka 30 kwa sekunde.

Mbele ya Progress kuna fimbo, kwenye kituo kuna koni. Fimbo inateleza ndani ya koni mpaka kwenye tundu la katikati, inanaswa, mtikisiko unamezwa, fimbo inarudi ndani na kuvuta pete mbili zikutane. Kulabu 8 zinafunga. Kabla ya hapo mmenaswa tu, hamjaungana.

Kurs ikigoma kuna TORU. Mwanaanga ndani ya kituo anaona picha ya kamera ya Progress, ana vishikio viwili vya kuongozea: cha kushoto kwa kusogea, cha kulia kwa kugeuka. MS-25 ile ya juu, Oleg Kononenko ndiye aliyeimalizia kwa TORU tarehe 3 Desemba 2023.

Hitilafu zilizowahi kutokea, ili muone zinavyotofautiana. Julai 2010, M-06M: kuwashwa kwa kirusha-picha cha TORU kuliingilia mawasiliano, chombo kikapita kituo kwa mbali, kikarudi na kuungana siku mbili baadaye. Chombo cha akiba ndicho kilichokorofisha kikuu. Julai 2012, M-15M ilikuwa ikijaribu Kurs-NA mpya, ikakatisha kwa sababu vifaa vilikuwa baridi mno. Ikafaulu tarehe 29. Aprili 2013, M-19M: antena moja ya Kurs haikufunguka. Waliungana hivyohivyo, polepole, huku wakichunga antena isije ikagonga ukuta wa kituo.

---

FundiValvu

Umeisahau kubwa yao, 25 Juni 1997.

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Sijaisahau, nilikuwa naiacha ije peke yake.

Kurs ya zamani ilitengenezwa Kyiv. Baada ya Sovieti kuvunjika ikawa bidhaa ya nchi nyingine, ya kununuliwa kwa fedha ngumu. Moscow wakataka kujua kama TORU inaweza kufanya kazi bila Kurs. Machi 1997 walijaribu na M-33, ikapita Mir, kituo cha Warusi cha wakati ule, kwa mita 200 hivi. Juni wakarudia na M-34.

Tatizo la jaribio lile ni la vipimo zaidi ya mkono wa mtu. Kurs ikizimwa, umbali na kasi havipo kwenye skrini. Vasily Tsibliyev alipaswa kukisia umbali kwa ukubwa wa picha ya Mir kwenye kamera. Nyuma ya Mir palikuwa na mawingu ya dunia, kituo cheupe juu ya weupe. Aleksandr Lazutkin na Michael Foale walikuwa wakichungulia madirishani wakikitafuta chombo ili wapime kwa leza ya mkononi. Kilipoonekana kilikuwa kimeshafika. Tani 7 kwa mita 3 kwa sekunde: kikapiga moduli ya Spektr na mabawa yake ya jua.

Hewa ikaanza kutoka. Mlango wa Spektr haukuweza kufungwa kwa sababu nyaya zilipita katikati yake, wakazichomoa na kuzikata, wakafunika kwa kifuniko. Mir ilipoteza karibu nusu ya umeme. Agosti 22 Anatoly Solovyov na Pavel Vinogradov waliingia na mavazi ya anga ndani ya moduli ile isiyo na hewa na kufunga kifuniko chenye viunganishi vya nyaya.

Mimi simlaumu aliyeshika usukani. Ukimnyima mtu kipimo cha umbali na kasi, umeshamnyima uwezo wa kufunga breki kwa wakati.

---

StooKuu

Mmemaliza kuungana, niruhusuni upande wa mizigo maana hapo ndipo muda wa wanaanga unapoliwa.

Kulabu zikifunga hawafungui mlango. Nafasi kati ya milango miwili inapimwa kama inavuja, kama saa moja. Wakifungua, wanafunga vibano vya skrubu kuzunguka pete, ili kuungana kusitegemee kulabu peke yake. Wanachukua sampuli ya hewa. Wanapitisha mpira wa hewa, kwa sababu chumba kisicho na feni hukusanya hewa chafu mahali pamoja. Wanaing'oa fimbo ya kuungia kutoka njiani na kuihifadhi. ITATAKIWA siku ya kuondoka.

Kila mfuko una msimbo wa mistari, unaskaniwa na kuandikwa ulikopelekwa. Vitu vizito vimefungwa kwa bolti kwenye fremu. Ukiacha kuandika leo, mwakani mtu anatafuta kichujio kwa siku nzima nyuma ya paneli.

Kisha inageuka kuwa pipa. Nguo zilizotumika, vifungashio, mitambo iliyokufa, vyombo vya mkojo. Hivyo vyombo ni vya lita 22 hivi, na matangi ya maji ya Progress yakishakuwa matupu, mkojo husukumwa humo. Tangi moja, kazi mbili.

Kosa la wageni ni kudhani takataka unatupia tu. Korolyov wanatuma mpango wa upakiaji. Ukirundika vizito upande mmoja, kitovu cha uzito kinahama, na injini ikiwashwa kushuka itasukuma pembeni ya kitovu, chombo kinageuka. Injini ndogo zitapambana nacho kwa mafuta ambayo hamkuyapanga. Kitu kisichofungwa vizuri nacho kitasogea injini ikiwaka.

Na hairudishi kitu salama. Zama za Mir, kuanzia 1990 hadi 1994, baadhi ya Progress zilibeba kapsuli ndogo iitwayo Raduga, ikileta kama kilo 150 duniani. Leo mzigo wa kurudi unapanda Dragon, au vipande vidogo ndani ya Soyuz.

---

DadaAnga

Swali la wengi hapa Afrika Mashariki: hiyo pipa ikishuka haiwezi kutuangukia? Makueni, Kenya, kiliwahi kuanguka kipande.

---

MwanaRoketi

Swali zuri, tutenganishe mambo.

Kushuka kwa Progress kunaongozwa. Inaachana na kituo, inasogea mbali, inageuka nyuma mbele na kuwasha injini kuu. Inahitaji kupunguza kama mita 90 kwa sekunde. Chombo cha tani 6.5 na injini ya kilo 300 za msukumo: dakika tatu na ushei. Inaingia kwenye hewa nzito juu ya Pasifiki ya Kusini, mbali na nchi kavu na njia za meli, na kinachobaki kinazama huko. Meli na ndege hutangaziwa mapema.

M-27M ndiyo ilikuwa kesi tofauti, haikuwa na mwongozo. Mwinamo wa nyuzi 51.6 maana yake inapita juu ya kila nchi kati ya nyuzi 51.6 kaskazini na kusini, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ilishuka 8 Mei 2015 juu ya Pasifiki, kwa bahati ya dunia kuwa na maji mengi.

Ile pete ya Mukuku, Makueni, 30 Desemba 2024, kipenyo mita 2.5 na kilo 500 hivi, Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema kwa uchunguzi wa awali ni pete ya kutenganishia ya roketi. Hicho ni kipande cha roketi, na si cha chombo kilichoshushwa kwa mpango. Hata roketi ya Progress, hatua yake ya tatu inabaki kwenye obiti ya chini na kushuka yenyewe baada ya siku chache, bila usukani. Mkitaka kuwa na wasiwasi, wekeni huo wasiwasi kwenye hatua za juu za roketi.

---

MtazamaNyota

Nyongeza fupi kwa wanaotaka kuiona. Siku Progress iko njiani, inafuata karibu njia ileile ya ISS, chini kidogo. Angalia muda wa ISS kwa mji wako, Dar, Mombasa, Zanzibar, kokote, chagua pito la saa ya kwanza baada ya jua kuzama au kabla ya kuchomoza. Nje ya saa hizo kituo kiko kwenye kivuli cha dunia au anga lina mwanga. Pito refu ni kama dakika 6. ISS inang'aa kuliko nyota zote, Progress ni hafifu, tafuta nukta inayotangulia au kufuata kwa dakika kadhaa. Haipepesi. Ikipepesa taa ni ndege.

---

Nyuzi360

Ile kuvuja kwa Progress MS-21 mmeiruka.

---

FundiValvu

MS-21 ilipoteza kimiminika cha kupozea 11 Februari 2023 ikiwa imefungwa kwenye moduli ya Poisk. Miezi miwili kabla, Soyuz MS-22 ilikuwa imevuja hivyohivyo kwenye rejeta. Mizigo ilishahamishwa, hivyo MS-21 ilipoachana na kituo tarehe 18 waliizungusha ili wapige picha za tundu, kesho yake wakaishusha. Bila kupozwa, vifaa vya ndani hupanda joto taratibu. Chombo cha mizigo kinavumilia hilo, chenye watu hapana, ndiyo maana Soyuz ile ilirudishwa bila mtu.

Kuna uvujaji mwingine unaogusa mada hii moja kwa moja. Nyuma ya Zvezda, kati ya moduli na mlango wa Progress, kuna chumba kidogo cha kupitia. Kilipata nyufa, hewa ikaanza kutoka 2019. Aprili 2024 ilifika kama kilo 1.7 kwa siku. Waliziba baadhi, lakini dawa ya kila siku ilikuwa kufunga mlango wa kuingilia chumba hicho na kuufungua tu wanapopakua Progress. Ule mlango wa nyuma ndio Kulabu8 amesema ni mzuri kwa kusukuma.

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Ndiyo. Wakilazimika kuufunga moja kwa moja, mizigo inaweza kupitia milango mingine, lakini sehemu hiyo ya kuungia itakuwa imepotea.

Na chini nako hakuna nafasi ya ziada. Kiwanja cha Gagarin pale Baikonur hakijarusha tangu Septemba 2019. Kilichobaki kwa Soyuz na Progress za ISS ni namba 31. Tarehe 27 Novemba 2025 Soyuz MS-28 ilipopaa, watu walifika salama, lakini jukwaa la huduma la chini ya roketi lilianguka kwenye handaki la moto. Bila jukwaa hilo mafundi hawafikii sehemu ya chini ya roketi kuiandaa, kwa hiyo Progress iliyofuata ikaanza kusogezwa mbele kwenye ratiba.

---

BahariHindi

Kumbe kiwanja kimoja, na nyuma kuna mlango wenye historia ya kuvuja. Mkuu, kituo kina akiba ya mafuta ya kusubiri kiasi gani?

---

Kulabu8 (mleta uzi)

Inategemea kilichomo kwenye Zarya na Zvezda siku hiyo na hali ya jua, lakini kwa hesabu ile ya kilo 170 kwa mwezi, kila tani moja kwenye matangi ni karibu miezi 6 ya kubaki kimo kilekile. Ukipunguza kusukuma na kukiacha kituo kishuke kidogo, unapata miezi zaidi, ila ukishuka hewa inakuwa nzito na deni linakua haraka. Cygnus na Dragon zikisukuma kwa mafuta yao, ya kituo yanabaki kwa kugeuza na kukwepa takataka.